Waraka kwa Mwandishi wa Amri Ijayo

Mheshimiwa,

Jina lako silijui. Amri za dharura husomwa na rais au waziri mbele ya kamera, lakini kabla hazijasomwa huwa kuna mtu aliyeziandika, akafuta, akaandika tena, akapima saa na mipaka kwa rula. Mtu huyo ni wewe. Kama umekwisha kustaafu, basi ni yule aliyerithi kiti chako pamoja na faili zako, na nakuomba umfikishie karatasi hizi.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Mwaka 2020, ulipoleta kafyu na baadaye ukaifunga Nairobi na viunga vyake, nilikuwa Thika kwenye jengo la ghorofa nne, nyumba za kupangisha za kawaida, sehemu ya chini imesimama na ghorofa ya tatu ikingoja slabu. Utauliza kwa nini nakuandikia sasa, ilhali mambo yenyewe yamekwisha kupoa. Nakuandikia kwa kuwa yamepoa. Wakati wa moto hukuwa na nafasi ya kusoma barua za watu wa saruji, nami sikuwa na nafasi ya kuandika. Tena faili la namna hii halifungwi moja kwa moja: Oktoba 2022 mwenzako wa Uganda alilazimika kulifungua lake Ebola ilipozuka, zikafungwa wilaya za Mubende na Kassanda. Zamu yako itafika. Afadhali barua yangu itangulie.

Naanza na shukrani, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Sibishani nawe kuhusu ugonjwa. Watu waliugua kweli na makaburi yalichimbwa kweli. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 13, na Machi 27 kafyu ilikuwa imeanza. Kwa watu waliozoea kungoja miezi kibali cha ujenzi kigongwe muhuri, kasi hiyo ilitushangaza; hatukujua kwamba mihuri hukimbia.

Nashukuru pia kwa tangi la maji lililowekwa langoni. Miaka yote niliyoifanya kazi hii nimewaona waashi wakila githeri kwa mikono yenye saruji kwa sababu hakuna bomba saitini. Ilibidi virusi visafiri kutoka China ndipo tukapata sabuni. Na barakoa! Wakata mawe wetu wamemeza vumbi tangu zamani bila mtu kuwauliza hali ya vifua vyao. Aprili ile waliagizwa wafunike pua kwa usalama wa watu wengine, wakafunika, na mapafu yao yakafaidika kwa bahati.

Baada ya shukrani, haya ndiyo yaliyonikalisha chini na kalamu.

Amri yako iliandikwa kwa saa ya ofisi. Ofisi hufungwa kwa ufunguo: unazima taa, unabeba kompyuta, kesho unaendelea ulipoachia ukiwa mezani jikoni kwako, chai pembeni. Nadhani ndivyo ulivyofanya mwenyewe, na hakuna ubaya. Lakini ujenzi hauna pa kubebwa kwenda nyumbani, na ukiachwa ulipo hautulii. Mtaro wa msingi uliochimbwa na kuachwa wazi hujaa maji, kingo zikaporomoka, na mvua za masika mwaka ule zilikuwa kali kwelikweli. Nondo zilizosimama zikingoja nguzo zao hushika kutu. Mbao hupata miguu usiku. Anayebaki ni mlinzi peke yake na tochi, akilinda jengo ambalo hata mwenyewe halijui tena.

Chukua hiyo slabu yetu ya ghorofa ya tatu. Siku ya kumwaga slabu haifanani na siku nyingine mjengoni. Nondo zimekwisha kusukwa na kufungwa kwa waya, chini yake kuna msitu wa miti ya kuegemeza, mashine ya kukoroga inanguruma tangu asubuhi, na watu wanapanda ngazi ya mbao kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Karai hupokezanwa mkono kwa mkono. Ukiweka mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, zege litaishia chini. Saruji ikikutana na maji huanza kushika ndani ya saa chache, haingoji hotuba. Zege la saa nne na zege la saa nane sharti yakutane yakiwa bado mabichi, ili vaibreta iyachanganye yawe kitu kimoja. Ukikatiza ukaja kuendelea kesho, panabaki mshono. Hapo ndipo maji yatakapopenya, na ukiwa umekatizia mahali pabaya, hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kwa hiyo desturi ya mjengo ni kwamba slabu ikianzwa humalizwa, hata kwa taa, hata saa tatu ya usiku. Siku hiyo ujira huongezwa kidogo, na mwenye jengo akiwa na utu hununua nyama.

Wewe ukasema saa moja jioni kila mtu awe kwake. Saa moja jioni, Mheshimiwa, kwa mtu mwenye gari ni saa moja. Kwa mtu wa matatu ni saa tisa na nusu. Uliamuru matatu ya abiria 14 ibebe 8, jambo la busara upande wa hewa, ila idadi ya matatu ikabaki ileile. Foleni zikarefuka, nauli ikapanda, na anayekaa mbali akawa anatua karai saa tisa ili afike kwake kabla ya rungu la polisi. Rungu lenyewe halikuwa na muda wa kuuliza kama unatoka baa au unatoka kumwaga slabu. Tuliona Likoni siku ya kwanza kabisa: watu wamejazana kivukoni wakiwahi feri ili waitii amri yako, wakapigwa mabomu ya machozi katikati ya kutii.

Nililisoma tangazo la watu waliosamehewa kafyu, jina baada ya jina. Walikuwepo madaktari na wauguzi, na ni haki yao. Walikuwepo watu wa dawa, wa umeme, wa mafuta, wa benki, wa maduka makubwa, wa magazeti na redio. Wajenzi sikuwaona, nikasoma tena nikidhani nimeruka mstari. Inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba mojawapo ya picha za kwanza za janga hili zilizozunguka dunia nzima ilikuwa picha ya mjengo. Wuhan ilifungwa Januari 23, 2020, na siku zilezile matingatinga yakaanza kusawazisha ardhi ya hospitali ya Huoshenshan. Vitanda 1,000, siku kumi hivi, ikawa tayari. Mamilioni ya Wachina, wakiwa wamefungiwa majumbani, walikaa wakitazama kwenye simu zao jinsi zege linavyomwagwa, usiku na mchana. Huko waliona mapema kwamba mwashi naye ni mtu wa hospitali, ila anaingia mlango mwingine.

Basi tukaigawa slabu vipande. Mhandisi akachora mistari pale ambapo mshono usingedhuru sana, tukapiga mbao za kuzuia, tukamwaga sehemu kwa sehemu, kila asubuhi tukianza kwa kukwangua ukingo wa jana na kuupaka uji wa saruji ili mpya ishikane na ya zamani. Kazi ya siku moja ikawa ya siku kadhaa, na mashine ya kukodi hailipwi kwa karai, hulipwa kwa siku. Majirani zetu walichagua njia nyingine: vibarua walale hapohapo. Niliwakuta asubuhi moja ghorofa ya chini, nyumba haina madirisha, wamejibanza bega kwa bega juu ya mifuko mitupu ya saruji kwa sababu ya baridi ya Aprili. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje baada ya saa moja. Amri yako ilitimizwa herufi kwa herufi. Sijui tu kama huo ndio umbali wa mtu na mtu uliokuwa nao akilini.

Kisha ikaja Aprili 6. Tangazo lilisomwa mchana, na ilipofika saa moja jioni ileile Nairobi na viunga vyake vikawa vimefungwa kwa siku 21. Kwa upande wetu mpaka ulichorwa kwenye Daraja la Mto Chania. Ramani inapendeza, kwa kuwa mto unaonekana na mstari unakaa vizuri. Ila ng'ambo ya mto ni Murang'a, chumba huko ni nafuu, na baadhi ya waashi wetu ndiko walikolala. Jioni ile walivuka kwenda kulala kama siku zote, asubuhi wakajikuta ughaibuni. Wengine walikuwa wamekwenda kwao kupanda mahindi, wakabaki huko na jembe.

Lakini vifaa uliviruhusu. Mizigo, ulisema, iendelee kama kawaida. Malori ya mchanga yakavuka daraja na dereva na utingo wake, yakamwaga mzigo langoni, yakarudi, na mwashi wa kuukoroga mchanga huo akawa amesimama ng'ambo akiyapungia mkono. Nikapata mchanga, nikapata kokoto, nikapata saruji ya Athi River, nikapata nondo. Nakupongeza kwa dhati, maana sijapata kuona tena mjengo ambao kila kitu kimewasili isipokuwa wajenzi. Na siku 21 ziliongezwa, zikaongezwa tena, mpaka Julai 7 ndipo daraja likawa daraja.

Utasema hakukuwa na namna ya kuandika vizuri zaidi wakati dunia nzima imechanganyikiwa. Namna ilikuwepo. Kule Boston, Marekani, meya Marty Walsh alizisimamisha saiti zote za mji wake Machi 17, 2020, mapema kuliko miji mingine mikubwa ya nchi ile. Alikuwa mkali kukushinda: wewe ulituwekea saa, yeye alisimamisha. Lakini aliwapa wakandarasi hadi Machi 23 wazibe mashimo, waimarishe kilichokuwa kimening'inia, wafunge kilichopaswa kufungwa, na akaacha watu wachache wa kulinda. Kwa nini alijua hayo? Kwa sababu kabla ya siasa alikuwa kibarua wa ujenzi, na baadaye kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa ujenzi. Hakuhitaji kamati imweleze kwamba mjengo haulali kwa kuzimiwa taa. Alikuwa amewahi kuubeba.

Ili nisikuonee, wapo walioandika vibaya kukushinda. India walitangaziwa saa mbili usiku wa Machi 24 kwamba saa sita nchi nzima inafungwa. Saa nne tu! Vibarua wa ujenzi wa miji mikubwa wakakosa kazi, wakakosa pa kulala, kwani wengi hulala saitini, wakaanza kutembea kwa miguu kurudi vijijini mamia ya kilomita, wake na watoto nyuma. Hapo jirani Uganda, Rais Museveni alisema Machi 30 kwamba saiti ziendelee iwapo wafanyakazi watapiga kambi hapohapo kwa siku 14, la sivyo zisimame. Angalau mjengo ulitajwa kwa jina, jambo ambalo wewe hukulifanya. Nani atanunua magodoro, hilo hakulisema. Ng'ambo ya Namanga, Tanzania, nako hawakumfungia mtu nyumbani, na kazi za reli na za bwawa la Rufiji zikasonga mbele. Huko kilichofungiwa ndani ni hesabu ya wagonjwa, ambayo ilifika 509 mwishoni mwa Aprili 2020 na haikutoka tena nje kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Sasa nije kwenye fedha, maana najua mpaka hapa unafikiri namwonea huruma zege.

Kuna namba moja mjengoni ambayo kila mtu anaiheshimu, nayo ni 28. Zege hupimwa nguvu zake kamili likifikisha siku 28. Tunatengeneza vibumba vya zege kwa kalibu za chuma siku ya kumwaga, vingine tunavivunja kwenye mashine siku ya saba ili tupate fununu, na vya siku ya 28 ndivyo vinavyotoa hukumu. Namba hiyohiyo imo kwenye mikataba. Barabara kubwa za serikali hujengwa sana kwa mikataba sanifu ya kimataifa ya ujenzi iitwayo FIDIC, na ukifungua kile kitabu chekundu cha 1999, kifungu cha 8.4, utakuta janga limeandikwa humo kwa jina lake: mkandarasi akikosa watu au vifaa kwa sababu ya maradhi ya mlipuko au hatua za serikali, na hakuwa na njia ya kuliona jambo hilo mapema, ana haki ya kuongezewa muda. Hiyo ni miaka 20 kabla ya Wuhan. Kifungu cha 20.1 kinamtaka tu apeleke notisi ndani ya siku 28 tangu alipolijua jambo. Mwaka ule makarani wa mikataba hawakulala. Barua zilipaa kama nzige, kila moja ikitaja amri yako, tarehe yake na namba yake. Bila shaka hujawahi kusomwa kwa makini kiasi kile, nakuonea fahari.

Namba 28 ipo mahali pa tatu, na hapo haikusomwa na mtu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mpigo mmoja. Kifungu cha 37 kinaendelea: kibarua huyo akifanya kazi mfululizo siku zikatimia mwezi, basi si kibarua tena, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na kifungu cha 35 kinampa haki ya notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Karibu kila mwashi niliyekuwa naye Thika alikuwa amepitisha mwezi zamani. Seremala wetu alikuwa pale tangu msingi ulipochimbwa. Unajua notisi waliyopewa? "Utapigiwa simu." Maneno mawili, langoni, Jumamosi, baada ya kugawiwa ujira wa wiki. Mkandarasi alipata muda wake wa nyongeza kwa barua iliyopigwa muhuri, na mwashi akapata muda wake wa nyongeza pia, wa kukaa karibu na simu.

Simlaumu mkandarasi peke yake. Mwenye jengo aliacha kutuma fedha kwa sababu wapangaji wa nyumba zake nyingine waliacha kulipa, nao waliacha kulipa kwa sababu walikuwa wanangoja kupigiwa simu mahali pengine. Mnyororo ulikuwa mrefu na kila pete ilikuwa na sababu. Ninachosema ni kwamba kila aliyekuwa na karatasi aliegemea karatasi yake, na gharama yote iliyobaki ikateremka mpaka ikamfikia asiyekuwa na karatasi.

Hata yeye hakuwa wa mwisho. Nje ya lango letu alikuwapo mama wa chakula, ana sufuria mbili na benchi. Alikuwa akiwapa wafanyakazi chai na mandazi asubuhi, githeri mchana, kwa mkopo, wanamlipa Jumamosi. Deni alikuwa akiliandika kwenye daftari la shule la kurasa 32, majina ya mjengoni matupu: Fundi Mrefu, Wa Mkono, Baba Wambo, Kijana wa Maji. Daraja lilipofungwa, nusu ya daftari ilibaki ng'ambo ya mto. Nilimwona akiligeuza kurasa huku akiniuliza nani anarudi lini. Nilimwambia sijui. Akalifunga, akasema kwa upole kwamba serikali nayo haikumwambia, basi tuko sawa. Hakuna kifungu cha 8.4 kwa ajili ya mtu wa sufuria, Mheshimiwa, na simu za kwake si za kupigiwa, ni za kupiga akidai.

Mwaka uliofuata nilipata kicheko changu. Taarifa ya uchumi ya 2021 ya Shirika la Takwimu la Taifa ilipotoka, tulisoma kwamba mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3. Hoteli na migahawa ilianguka kwa karibu nusu. Na ujenzi? Ujenzi ulikua kwa asilimia 11.8. Nikasoma tena kama nilivyosoma orodha ya waliosamehewa kafyu. Saruji iliyotumika nchini ilipita tani milioni 7. Sidhani takwimu hizo zinadanganya. Barabara za serikali zilisonga, na ile ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa katika miaka hiyohiyo ya kafyu. Palipo na kambi, mabasi ya kampuni, barua za ruhusa na mkataba mnene, kazi ilikwenda. Mjengo wetu wa ghorofa nne uko ndani ya asilimia 11.8, pamoja na mama wa sufuria na daftari lake. Hesabu ya wastani ina ukarimu huo: humgawia kila mtu ukuaji hata kama hakuuona.

Ndiyo maana siwezi kukubali ile sauti kwamba amri ilitugusa sote sawasawa. Hata matingatinga hayakutii sawasawa. Mei 2020, huku wewe ukitusihi kila jioni tukae nyumbani, matingatinga yaliingia Kariobangi yakabomoa nyumba za maelfu ya watu, mvua ikinyesha. Waliobomolewa walikuwa wamekaa nyumbani, kama ulivyoagiza. Sijui katika faili lako matingatinga yale yaliandikwa upande gani, maana kwenye orodha ya huduma muhimu sikuyaona pia.

Nilitumaini kwamba mara ya pili utakuwa umetutembelea. Machi 26, 2021 ukafunga tena kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Ilitangazwa siku hiyo, ikaanza usiku wa siku hiyo. Daraja letu likawa mpaka tena. Kafyu ya eneo hilo ikarudishwa hadi saa mbili usiku, na sisi, tuliokuwa tunapiga plasta kwa wakati huo, tukahesabu tena matatu nyuma. Neno mjengo nililitafuta katika amri ya pili kama mtu anayetafuta funguo mahali alipokwisha kutafuta. Mwaka mzima, Mheshimiwa, na rula ilikuwa ileile.

Kwa hiyo, kwa heshima na bila kukupandia kichwani, nakuomba amri ijayo iandikwe huku mtu mmoja wa saiti akiwa kwenye kiti cha pembeni. Hahitaji posho kubwa. Atakwambia utupe siku kadhaa za kufunika mashimo na kuimarisha kilichoning'inia kabla ya kufunga. Atakwambia kwamba slabu iliyoanza ipewe kibali cha usiku mmoja, karatasi moja yenye majina ya watu na namba ya gari litakalowarudisha, kama mlivyompa ruhusa mtu wa benki. Atakuuliza ni kwa nini lori la mchanga lina barua ya kuvuka daraja na mwashi hana, wakati mmoja bila mwingine ni rundo tu. Na kwa vile amri yako imethibitika kuwa karatasi inayosomwa sana na wanasheria, weka humo mstari mmoja unaowakumbusha waajiri kifungu cha 35 na cha 37. Si sheria mpya, haihitaji bunge. Ipo tangu 2007 na bado inangoja kupigiwa simu.

Kama humjui mtu wa saiti, njoo mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Tutakujulisha siku ya slabu. Fika saa kumi na mbili asubuhi kwa matatu, vaa viatu visivyo na thamani, na usiahidi mtu yeyote kwamba saa moja jioni utakuwa nyumbani. Karai tutakupa sisi.

Wasalaam,

Msimamizi wa ujenzi,
Thika